Aibu Inayomnyima Kijana Tiba

Wako wanaodai kwamba maradhi ya zinaa ni mambo ya faragha, hayastahili kuzungumzwa redioni wala kambini. Dai hilo lina gharama, na wanaoilipa ni vijana.

Kijana wa mtaa wa Kibenga, kusini mwa Bujumbura, akishikwa na malaria huwaambia wenzake bila kusita. Akiona usaha anapokwenda haja ndogo, hunyamaza. Hununua vidonge viwili vitatu kwa siri. Maumivu hupungua, ugonjwa hubaki. Tangu hapo huwa na maradhi mawili. La kwanza, likiwa ni kisonono, hupona kwa dawa iliyo sahihi. La pili ni hofu. Usingizi humpotea, hujitenga na jamaa, hugomba kwa jambo dogo, hunywa pombe ili asahau. Na akiisha kulewa haikumbuki kondomu. Hivyo maradhi ya roho humrudisha katika maradhi ya mwili.

Askari naye ni kijana. Asiyelala kwa siku kadhaa akihofia kipimo cha damu hushika zamu akiwa na bunduki mkononi. Yafaa ajue kwamba mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa kila siku, hata virusi visionekane tena katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini aliyekata tamaa huziacha dawa hizo. Ndiyo sababu mganga mwenye busara humwuliza mgonjwa habari za usingizi wake pia.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi kwa aliyebakwa, awe msichana au mvulana. Mwaka 2003 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua mjini Bujumbura kituo cha Seruka, ambacho baadaye kilikabidhiwa kwa Warundi wenyewe. Jina hilo la Kirundi lina maana ya kujitokeza. Wengi waliofika hapo walikuwa watoto na vijana, nao walitibiwa majeraha na kusikilizwa na mshauri wa nafsi chini ya paa moja, kwa kuwa majeraha hayo mawili hayatenganishwi.

Mara nyingi mlango wa kwanza wa kijana huyo ni meza ya polisi. Akiulizwa mbele ya watu alikuwa amevaa nini, hurudi nyumbani na kujifungia, na saa hupita. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, kisha imezwe kwa siku 28. Maelezo yaweza kukamilishwa baada ya matibabu. Aliyebakwa Ijumaa usiku, akifika hospitali Jumanne asubuhi, amekwisha kuchelewa kwa dawa hiyo, ingawa tiba nyingine na ushauri bado ni haki yake.