Fahamu: Marisau yaliyofyatuliwa hutumikaje tena?

Katika mashindano ya Olimpiki ya kulenga sahani za udongo, kila mfyatuo hutawanya hadi gramu 24 za marisau, vile vichembe vya madini ya risasi. Baada ya miaka, uwanja hugeuka kuwa mgodi. Udongo wa juu huchotwa, hukaushwa, huchekechwa na kupepetwa. Vichembe vilivyobaki mviringo hupakwa grafaiti na kujazwa upya. Vilivyobonyea huyeyushwa kwa nyuzi 327 hivi.

 Hatari ni kubwa zaidi kwenye jiko la kuyeyushia, kwani moshi na vumbi la risasi huingia mwilini na kudhuru ubongo wa mtoto. Kenya imeyaona hayo katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 karibu kabisa na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, aliongoza wakazi mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo Desemba 2024.

Na hapa kwetu Mutuini je? Huku betri za gari zi nyingi kuliko marisau, lakini sumu ni ileile ya risasi. Usiipasue betri kuukuu wala kuiyeyusha uani. Iuze ikiwa nzima, kwa mnunuzi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na unawe mikono kabla ya kumbeba mtoto.