Kipandikizi cha Kusikia kwa Njia ya Mfupa kwa Watu Wazima

Mtu mzima asiyesikia vizuri hujitenga kidogo kidogo: hukwepa simu na hunyamaza mbele ya wageni. Jamaa humdhania kiburi au uzee, kumbe huenda tatizo lake lina msaada.

Kipandikizi hufanyaje kazi?
Skrubu ndogo ya titani hutiwa katika mfupa ulio nyuma ya sikio. Ikishashikana na mfupa, huvishwa kifaa kinachogeuza sauti kuwa mtetemo, nao hupita mfupani hadi sikio la ndani.

Humfaa nani?
Huwafaa wenye masikio yanayotoka usaha mara kwa mara, waliozaliwa bila tundu la sikio, na baadhi ya wasiosikia kabisa kwa sikio moja. Hakimfai ambaye masikio yake yote mawili yameharibika sana kwa ndani. Kabla ya upasuaji, mgonjwa hukijaribu kifaa kwa mkanda wa kichwani, ajionee tofauti.

Maisha ya kila siku
Mazungumzo huwa mepesi zaidi, ingawa penye kelele nyingi bado huwa na ugumu. Kifaa huvuliwa wakati wa kuoga na kutawadha. Ngozi inayoizunguka skrubu husafishwa kila siku; ikiwa nyekundu au ikiuma, kliniki iarifiwe. Mtandio ukikigusa kifaa huweza kuleta mlio, basi ulegezwe.

Pa kuanzia
Daktari wa familia humwelekeza mgonjwa kwenye kliniki ya masikio. Mkalimani wa NHS hana malipo. Mtoto asibebeshwe kazi hiyo.