Panga mlo wa wiki, uipunguzie familia yako maradhi

Ni saa moja na nusu jioni. Umeshuka kwenye steji ya Ruiru ukitoka kazini, umechoka, na watoto nyumbani wanakungoja. Upande mmoja mama mboga anakata sukuma wiki. Upande wa pili kijana anakaanga chipsi na soseji. Hujui utapika nini. Baada ya dakika tano unaelekea nyumbani na mfuko wa chipsi, mkate na paketi ya maziwa ya chai. Kesho yatakuwa yayo hayo.

Kama hali hii unaijua, makala haya yanakuhusu. Wagonjwa wengi ninaowatibu kutoka Thika, Juja na Ruiru hawakosi chakula. Wanachokosa ni mpango, na mwili hulipa gharama yake polepole.

Mama mmoja anayefanya kazi katika kiwanda mjini Thika aliniletea mtoto wake wa miezi 16. Mtoto alikuwa mchovu, hana hamu ya kucheza, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Tulipompima, damu yake ilikuwa gramu 8 kwa desilita moja, ilhali mtoto wa umri huo anatakiwa awe na angalau 10.5. Nilimwomba mama anitajie yote ambayo mtoto alikula juma lililopita. Yalikuwa ugali na mchuzi, mkate, chipsi, na chai ya maziwa mara tatu kwa siku. Baba yake, mwenye umri wa miaka 42, alikuwa amewasindikiza tu. Nilipompima naye, shinikizo lake la damu lilikuwa 160 kwa 100, na nilipompima tena siku nyingine halikuwa limeshuka.

Mama huyo hakuwa mvivu. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri. Kosa lilikuwa kwamba uamuzi wa chakula ulifanywa kila siku katika saa ambayo mtu amechoka kuliko saa nyingine zote. Uhamishe uamuzi huo hadi Jumamosi, na mambo mengi yatabadilika.

Anza na karatasi moja

Jumamosi keti na mwenzako na watoto wakubwa, mwandike mlo wa jioni wa siku saba. Karatasi ibandikwe jikoni. Atakayefika nyumbani kwanza, awe baba, mama, msichana wa kazi au kijana wa sekondari, ajue la kufanya. Huu hapa ni mfano:

Jumapili: wali, maini au nyama kidogo, na kabichi.
Jumatatu: githeri yenye karoti na viazi, na kipande cha avokado.
Jumanne: ugali, omena na sukuma wiki.
Jumatano: viazi vitamu, maharagwe na terere.
Alhamisi: ugali, mayai na managu.
Ijumaa: wali, ndengu na kachumbari.
Jumamosi: chapati na kamande.

Tazama kwamba nyama imetajwa mara moja tu, lakini kila siku kuna chakula cha kujenga mwili. Karibu kila siku pia kuna mboga au tunda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hapo kwetu si jambo gumu. Soko la Madaraka mjini Thika lina mboga tele, na mananasi hukua mlangoni petu.

Kazi ya Jumapili

Usiku wa Jumamosi loweka maharagwe na mahindi ya githeri. Jumapili mwaga maji hayo, weka mengine, uchemshe mpaka viive vizuri. Maharagwe, hasa yale mekundu, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo, kwa kuwa yakiwa hayajaiva yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara. Kuloweka hupunguza pia muda wa kupika, kwa hivyo utaokoa makaa au gesi.

Kama una friji, gawanya vilivyoiva katika vyombo vidogo, viache vipoe, uvitie ndani kabla saa mbili hazijapita. Vitakaa siku tatu au nne. Kila jioni toa chombo kimoja tu na ukipashe mpaka kichemke.

Kama huna friji, usipike chakula cha wiki nzima. Loweka maharagwe asubuhi unapoondoka, uyapike jioni. Siku zenye haraka, tumia ndengu, kamande, omena au mayai, kwani huiva upesi. Wali uliobaki usiuache sufuriani mpaka kesho. Kuna viini vinavyostahimili moto wa kwanza na kuzaana katika wali uliopoa nje.

Sukuma wiki ioshwe kabla ya kukatwa, wala isichemshwe mpaka ikabadilika rangi. Dakika chache zinatosha.

Chai, chumvi na unga

Chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Ingoje saa moja au zaidi baada ya mlo. Mtoto mdogo hahitaji chai kabisa. Lakini chungwa, limau, nyanya au nanasi husaidia madini hayo kuingia mwilini, na ndiyo sababu kachumbari si pambo tu.

Mtoto aliyetimiza miezi sita aendelee kunyonya, huku akipewa chakula kizito. Toa sehemu yake katika sufuria ya familia kabla hujatia chumvi na pilipili: maharagwe yaliyopondwa, kiini cha yai, maini, viazi na mboga laini. Mchuzi mtupu ni maji yenye ladha, haumjengi mtoto.

Mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Hesabu pia chumvi iliyomo katika soseji, chipsi, mkate na viungo vya pakiti. Mtu mwenye presha anayekula vyakula hivyo kila siku anaweza kukipita kipimo hicho bila kugusa kikopo cha chumvi.

Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi unaouzwa katika pakiti uongezwe vitamini na madini. Ukisagisha mahindi yako mwenyewe, nyongeza hiyo hutaipata, kwa hivyo mboga na maharagwe yasikosekane. Mahindi yawe makavu na yahifadhiwe pasipo unyevu. Mwaka 2004 sumu ya ukungu katika mahindi, aflatoksini, iliwaua watu 125 nchini Kenya, na Thika ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika pamoja na Makueni, Kitui na Machakos. Mahindi yenye ukungu usiyale, na usijidanganye kwamba kuyapika kutaondoa sumu.

Yaliyompata mtoto yule

Mtoto alipewa dawa ya madini ya chuma, na wazazi wakabandika karatasi yao. Baba alichukua kazi ya kuchambua na kuchemsha maharagwe kila Jumapili. Wiki ya kwanza mpango ulivunjika Alhamisi, wakala chipsi. Niliwaambia waendelee Ijumaa pale palipoandikwa. Baada ya miezi mitatu damu ya mtoto ilikuwa gramu 11. Baba bado anameza dawa ya presha, na asiiache bila kuambiwa na daktari, lakini kipimo chake kimeteremka.

Msomaji, huhitaji kubadilisha siku zote saba mara moja. Jumamosi hii andika siku tatu tu. Na kama mtoto wako ana viganja vyeupe, anachoka upesi au anakula udongo, usingoje karatasi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu apimwe damu.