Gari limechemsha: ununue spea ya plastiki au ya chuma?

Jioni, foleni ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala. Gari halisogei, kiyoyozi kimewashwa, mara mshale wa joto unapanda na mvuke unatoka kwenye boneti. Ukifika gereji, fundi anakuonyesha ufa kwenye rejeta: “Bosi, hizi plastiki hazifai. Weka ya chuma umalize kazi.”

Fundi yuko sahihi nusu tu. Plastiki inauawa na joto na umri. Chuma kinauawa na maji unayoyajaza. Ukibadilisha spea bila kujua kilichoiua ile ya zamani, utarudi gereji tena.

Plastiki ya rejeta si ya ndoo

Rejeta za magari madogo mengi yanayotoka Japani, kama Toyota IST na Vitz, ni mchanganyiko. Katikati kuna alumini. Pembeni kuna matangi mawili ya naili iliyochanganywa na nyuzi za kioo, yamebanwa na mpira usiopitisha maji.

Naili hiyo ni nyepesi, haishiki kutu na bei yake ni nafuu. Shida ni kwamba kila injini inapopata moto na kupoa, inatanuka na kusinyaa. Miaka inavyokwenda inageuka rangi ya kahawia, inakauka na kupasuka kama ganda la yai.

Kwa hiyo kama gari lako lina miaka 15 na tangi limepasuka, plastiki hiyo imeshakula chumvi nyingi. Mpya yenye ubora inaweza kukuhudumia miaka mingi tena.

Adui wa chuma ni maji

Maeneo mengi ya Dar es Salaam watu wanatumia visima, na vingine vina maji ya chumvi. Maji yale yale ndiyo yanamiminwa kwenye rejeta.

Chumvi inaitoboa alumini taratibu na kuacha magamba kwenye njia nyembamba za maji. Hata maji ya bomba hayana dawa ya kuzuia kutu. Ukinunua rejeta ya alumini tupu kwa bei kubwa halafu ukajaza maji ya kisima, umetupa hela.

Suluhisho ni kulanti. Nunua ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, usiiongezee maji ya kisima.

Kipi uchague?

Rejeta: Kwa gari la kutembelea mjini, mpya ya kawaida yenye matangi ya plastiki inatosha. Alumini tupu ina maana kwa gari la mizigo au la barabara mbovu, ila kagua sehemu zilizochomelewa, maana ndipo zinapoanza kuvuja. Zile za zamani za shaba fundi anaweza kuzichomelea kwa risasi. Tangi la plastiki lililopasuka likipakwa gundi, hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Wota pampu: Kama kuna chaguo, chukua yenye mapanga ya chuma ndani. Baadhi ya Volkswagen na BMW za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilijulikana kwa mapanga ya plastiki yanayopasuka au kuachia kwenye shafti. Pampu inazunguka, maji hayaendi, na nje huoni tone. Gari likichemsha bila kuvuja, mwambie fundi aangalie hapo.

Nyumba ya themostati: Ya chuma inavumilia joto zaidi, lakini uso wake lazima uwe umenyooka. Iliyotengenezwa ovyo inavuja kuliko plastiki nzuri. Ikiwa ni ya plastiki, bolti zisikazwe kupita kiasi, itapasuka siku hiyo hiyo.

Tangi la akiba: Hapa plastiki ndiyo yenyewe. Unaona kiwango cha maji bila kufungua kitu.

Mfuniko wa rejeta: Huu ni wa chuma lakini unaweza kuua plastiki. Angalia namba iliyoandikwa juu, kwa mfano 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha. Ukiweka wenye namba kubwa kuliko ya gari lako, presha inapanda na tangi lililochoka linapasuka.

Ukienda Gerezani au Ilala

Utaambiwa, “Chukua hii ya mtumba, ni orijino kutoka Japani.” Kwa chuma, sawa, unaweza kuikagua kama ina kutu au ufa. Kwa plastiki, fikiria mara mbili: imetolewa kwenye gari la umri kama wa lako, na imepita kwenye moto ule ule. Plastiki nunua mpya. Ukiona imegeuka kahawia, iache.

Usisubiri mshale

Tangi likipasuka ghafla, maji yanaisha haraka. Kihisi cha joto kinahitaji maji ili kisome vizuri, kwa hiyo mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Ukiona mvuke au kusikia harufu tamu ya kulanti, paki pembeni, zima injini, na usifungue mfuniko mpaka ipoe kabisa.

Ukilazimisha kufika nyumbani, silinda hedi inaweza kupinda na gasketi kuungua. Hapo hununui tena rejeta, unafungua injini nzima.

Asubuhi kabla ya kuwasha gari, fungua boneti. Tazama kiwango cha maji na rangi ya plastiki. Dakika moja inatosha.