"Ni" na "Yuko": Hoja ya Anselm katika Sarufi ya Kiswahili

Katika Proslogion (1077–1078), Anselm alidai kwamba Mungu ni yule ambaye hapana mkuu zaidi yake awezaye kufikirika. Basi hana budi kuwapo, kwani kilichopo hukishinda kwa ukuu kilicho akilini tu. Mnamo 1781 Kant alipinga: kuwapo si sifa inayoongezwa juu ya sifa nyingine. Kiswahili chatenga mambo hayo: "Mungu ni mwema" hutaja sifa, "Mungu yuko" hutumia kiambishi cha mahali, -ko. Je, sarufi yamuunga mkono Kant? Kwa kiasi. Lakini yazusha swali ambalo Kwasi Wiredu aliliibua kuhusu Kiakan: asiye na mahali atasemwaje kuwa yuko? Sarufi hudhihirisha tulivyozoea kunena. Haithibitishi wala haikanushi kuwapo kwa Mungu.