Mizabibu ya Waashuru: shina likibaki, kazi inarudia

Wandugu wakulima, Waashuru tunawajua katika Biblia juu ya vita na mji wao Ninawi. Lakini walikuwa pia watu wa shamba, na divai yao inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, kazi ya pamoja. Mwaka 2021, watafiti wa Italia walitangaza kwamba kule Khinis, kaskazini ya Irak, wamepata mahali 14 pa kukamulia zabibu, palipochongwa ndani ya mwamba miaka karibu 2,700 iliyopita. Watu walikanyaga zabibu kwa miguu katika shimo la juu, maji yake yakateremka katika shimo la chini. Kiisha yalitiwa ndani ya mitungi ili yachache. Mwenye kukamua ndizi za kasiksi ataelewa mara moja.

Pili, daftari. Katika mji wa Kalhu walichimbua vibao vya udongo vyenye kuonyesha nani katika nyumba ya mfalme alipokea divai, na kipimo gani. Je, katika koperative yetu, kila kilo inaandikwa?

Tatu, mbegu ya kwetu. Kule Turabdin, kusini-mashariki ya Uturuki, Wakristo Wasuriani, ambao wengi wao wanajiita watoto wa Waashuru, waliuawa kwa wingi mwaka 1915. Baadaye vita vingine viliwafukuza, wengi wakakimbilia Ujerumani na Sweden. Vijiji vilibaki vitupu, mashamba yakawa pori. Miaka ya 2000, wamoja walianza kurudi. Leo mjini Midyat divai yao inatengenezwa tena kwa zabibu za palepale, kama Mazrona na Kerküş, na inauzwa kwa jina la Wasuriani. Zabibu mbichi inaenda na bei ya mchuuzi; chupa yenye jina la kwenu inabeba kazi yenu yote.

Hata kwetu, wengi wanatoka ukimbizini na kukuta kahawa imezeeka ndani ya pori. Tusiing'oe mbio mbio. Mti wenye mizizi mizima tuukate karibu sentimita 30 juu ya udongo, kwa mshazari ili maji ya mvua yasisimame, kiisha tuchague machipukizi mawili ao matatu yenye nguvu. Vita inaweza kuchukua nyumba na mifugo. Shina lenye kubaki ndani ya udongo, hilo njo akiba yetu.