Mwanafunzi Anapojipangia Masomo

"Mchagua jembe si mkulima." Ndivyo wazazi wengi huwaambia watoto wao wanaonung'unikia kozi walizopangiwa chuoni. Hata hivyo, kuna chuo ambako kuchagua ndiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi.

Katika Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wanafunzi wakiongozwa na Ira Magaziner na Elliot Maxwell waliandika ripoti ya zaidi ya kurasa 400 kudai mageuzi ya mtaala. Mnamo Mei 1969, wahadhiri walikubali. Masomo ya lazima kwa wote yaliondolewa, na asiyeridhika na kozi zilizopo akaruhusiwa kubuni yake.

Lakini uhuru huo si wa bwerere. Anayebuni kozi huandika pendekezo, akamtafuta mhadhiri wa kumwongoza na kusubiri idhini. Shahada nayo haipatikani hadi afaulu angalau masomo 30. Akikwama, hana wa kumlaumu.

Je, mzazi, mwanao anaweza kueleza kwa ukurasa mmoja anachotaka kusomea na sababu yake? Mpe kalamu na karatasi leo. Kisha usome alichoandika kabla ya kumkatalia.